Kampeni za kupinga ukatili zifundishe PF3, RB na Fomu Namba 3

Ndugu Mhariri,

Kila mwaka kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10 tunaadhimisha siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia. Mabango yanapandishwa, fulana zinagawiwa na viongozi wanawahimiza wanawake wavunje ukimya. Hatuna ugomvi na maadhimisho hayo. Tunachokiona sisi tunaotoa msaada wa kisheria kwenye kata ni kwamba mwanamke aliyepigwa usiku wa Jumamosi hahitaji bango la kumwambia kwamba amekosewa. Anahitaji kujua aanzie wapi, abebe nini, na karatasi gani asiondoke bila kuishika. Hilo ndilo elimu yetu kwa umma inaliruka, na ndipo kesi nyingi zinapofia. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuyaeleze yanayoihusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake na ingestahili barua yake.

Tuanze na swali linalojirudia kila baraza: je, mume anaruhusiwa kumpiga mke "kumrudi"? Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenza wake kwa kipigo, hata kama mila inasema vinginevyo. Kifungu hicho kina zaidi ya nusu karne na bado kuna wazee wa baraza wanaokisikia kwetu kwa mara ya kwanza. Ila watu wajue pia udhaifu wake: kinakataza bila kutaja adhabu. Adhabu inatoka kwenye Kanuni ya Adhabu, ambayo haiulizi kama aliyepiga ni mume, mchumba, shemeji au mpita njia. Shambulio la kawaida linaweza kumfunga mtu hadi mwaka mmoja, shambulio la kudhuru mwili hadi miaka 5, na kusababisha madhara makubwa hadi miaka 7. Kwa hiyo anayeishi na mwanamume bila cheti cha ndoa asidhani sheria imemwacha nje. Kipigo ni jinai kwa yeyote.

Tofauti kati ya shambulio la kawaida na la kudhuru mwili haipatikani kwenye maneno ya mlalamikaji pekee. Inategemea sana PF3, na hapa tunaomba wasomaji wasome taratibu.

PF3 ni fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi kwa daktari. Haiuzwi. Polisi hujaza sehemu yao, daktari hujaza yake, kisha fomu inarudi kituoni na kuingia kwenye jalada. Aliyejeruhiwa vibaya aende hospitali kwanza na fomu imfuate. Damu inayomwagika haingoji mhuri. Katika hospitali zenye kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi, ustawi wa jamii na mshauri wapo chini ya paa moja, na mzunguko huo unakwisha. Kwingine ni kwenda kituoni, kwenda hospitali na kurudi kituoni, siku hiyo hiyo ikiwezekana.

Fomu inaharibika kwa njia tatu tunazoziona mara kwa mara. Ya kwanza ni daktari kuandika neno moja, "amejeruhiwa", basi. Mgonjwa ana haki ya kumwomba kwa heshima aandike jeraha liko wapi, lina ukubwa gani, linaonekana kuwa la muda gani, na limesababishwa na kitu cha aina gani, butu au chenye ncha. Ya pili ni fomu kulala nyumbani. Mtu anaipeleka kwake, ndugu wanaanza mazungumzo, wiki mbili zinapita, alama zimefutika na fomu imechanika. Ya tatu hutokea mahakamani, na mlalamikaji hana makosa nayo: baada ya PF3 kupokelewa kama kielelezo lazima isomwe kwa sauti, na mshtakiwa lazima aelezwe kwamba anaweza kuomba daktari aliyeijaza aitwe kuhojiwa. Likirukwa hilo, mahakama ya juu huiondoa fomu kwenye ushahidi. Ndiyo maana jina la daktari liandikwe lisomeke, na mlalamikaji apige picha ya fomu kabla ya kuikabidhi. Majeraha yapigwe picha siku ya kwanza, na tena baada ya siku mbili au tatu, kwa sababu michubuko mingi huiva na kuonekana vizuri zaidi baadaye.

Kwa aliyebakwa saa zinahesabika. Dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Humezwa kwa siku 28 bila kuruka. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, lakini mapema ni bora zaidi. Asioge, asijisafishe sehemu za siri, asifue nguo alizokuwa amevaa. Tunajua ni jambo gumu mno kumwambia mtu aliyetoka kudhalilishwa, lakini maji yanaondoa ushahidi ambao hautarudi. Nguo zifungwe kwenye karatasi safi au mfuko wa khaki. Mfuko wa plastiki unafungia unyevu, ukungu unaota na kipimo kinaharibika. Kama ameshaoga, aende hivyo hivyo. Dawa bado zinamsaidia, na kesi bado inaweza kusimama.

Inaweza kusimama kwa sababu sheria yenyewe inasema hivyo, na hapa pana upotoshaji mkubwa mitaani. Watu wanaamini kwamba bila majeraha hakuna ubakaji. Kanuni ya Adhabu, baada ya mabadiliko yaliyoletwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inasema alama za kupigana si sharti la kuthibitisha kwamba mwanamke hakuridhia. Inasema pia kuingiliwa, hata kidogo kiasi gani, kunatosha. Mahakama ya Rufani katika shauri la Selemani Makumba ilisema ushahidi wa kweli wa ubakaji unatoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Mtu mmoja anayesema kweli na kuaminiwa na hakimu anatosha kumtia hatiani mshtakiwa, na adhabu ya kawaida kwa mtu mzima haipungui miaka 30.

Sasa, ili aaminiwe, kuna mambo mawili yanayofaa kufundishwa hata kwenye vikundi vya kina mama. La kwanza ni kumtaja mtuhumiwa mapema. Mahakama zetu zimeshikilia kwa miaka mingi kwamba shahidi anayemtaja mhusika kwa mtu wa kwanza anayekutana naye anaaminika kuliko anayemtaja baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo anayemfahamu aliyemfanyia amtaje kwa jirani, kwa dada, kwa nesi, na huyo aliyeambiwa awe tayari kuwa shahidi. Asiyemfahamu aeleze mwonekano wake: urefu, mavazi, sauti, kulikuwa na mwanga gani na alimwona kwa muda gani. La pili ni lugha. Tumelelewa kuona haya, na haya yetu ni njema, lakini "alinifanyia tabia mbaya" mbele ya hakimu ni sentensi inayoacha pengo, na wakili wa upande wa pili atalitumia. Kizimbani kutaja viungo kwa majina si matusi. Wazazi wawaandae binti zao kwa hilo bila kuwafundisha cha kusema.

Kama aliyefanyiwa ni mtoto, umri lazima uthibitishwe. Cheti cha kuzaliwa kinafaa, na kisipokuwepo mzazi, ndugu, mwalimu au daktari anaweza kuutolea ushahidi. Kesi zimewahi kuanguka kwa sababu umri uliandikwa kwenye hati ya mashtaka na hakuna shahidi aliyeutamka. Mtoto mdogo asiyeelewa maana ya kiapo naye lazima aahidi kusema ukweli na kutosema uongo kabla hajatoa ushahidi, na ahadi hiyo iandikwe kwenye kumbukumbu za mahakama. Mzazi amkumbushe mwendesha mashtaka mapema. Hakuna ubaya wowote kuuliza.

Turudi kituoni. Dawati la Jinsia na Watoto lipo kwenye vituo vingi vya polisi, na lilianzishwa ili mtu asieleze aibu yake kaunta mbele ya waliokuja kuripoti simu iliyoibwa. Uliza dawati liko wapi, na unaweza kuomba askari wa kike. Barua ya mwenyekiti wa mtaa si sharti la kuripoti jinai, ingawa mwenyekiti akiwa ameshuhudia ni shahidi mzuri. Maelezo yako yakiandikwa, yasomewe kwako kabla hujatia saini. Hakikisha yana tarehe, saa, mahali, kilichotumika, maneno yaliyotamkwa, waliokuwepo, na matukio ya nyuma. Matukio ya nyuma wengi huyaacha wakidhani hayahusiki. Yanahusika sana, hasa pakiwa na vitisho vya kuua. Usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ambayo taarifa yako imeandikishwa nayo kwenye kitabu cha polisi. Bila namba hiyo, kila utakaporudi utakuwa mgeni anayeanza upya. Andika pia jina la askari aliyekupokea na siku uliyoambiwa urudi.

Na ukiambiwa "nendeni mkayamalize nyumbani"? Omba kumwona mkuu wa kituo. Ikishindikana, nenda kwa mkuu wa polisi wa wilaya ukiwa na namba ya RB au, kama ulinyimwa hata hiyo, ukiwa na tarehe, saa na jina la aliyekunyima. Malalamiko yenye tarehe na jina hufanyiwa kazi. Malalamiko ya "polisi hawanisikilizi" hayana pa kushika. Kwa dharura namba ni 112, na kwa ukatili dhidi ya mtoto simu 116 ni ya bure.

Kuna neno dhamana ambalo limevunja mioyo ya walalamikaji wengi kuliko hukumu zenyewe. Mtuhumiwa anaonekana mtaani siku mbili baada ya kukamatwa na mtaa mzima unasema kesi imenunuliwa. Dhamana ni haki kwa makosa mengi, na maana yake ni kwamba atarudi siku ya kesi. Kinachoweza kufanyika ni kumweleza mpelelezi au mwendesha mashtaka mapema kwamba mtu huyo anatishia, ili mahakama iweke sharti la kutomkaribia mlalamikaji. Akilivunja, lipelekwe mahakamani mara moja na dhamana yake iombwe ifutwe. Ujumbe wa simu wa vitisho usifutwe hata kama unauma kuusoma. Simu ihifadhiwe na namba iliyotuma ionekane.

Pia ieleweke kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Mlalamikaji ni shahidi, na wenye uamuzi wa kuiendesha au kuiondoa ni waendesha mashtaka. Kwa hiyo ndugu wanaomsonga mama "afute kesi" wanamsonga mtu asiye na kifutio. Kwa shambulio la kawaida mahakama inaweza kuhimiza wahusika wapatane. Kwa ubakaji hakuna mlango huo. Wazee wanaopokea mbuzi au fedha ili ubakaji umalizwe kindugu wanajiingiza wenyewe kwenye kosa, maana kupokea kitu ili kuficha kosa kubwa ni jinai. Tungependa jambo hili moja lisemwe misikitini, makanisani na kwenye vikao vya ukoo kwa sauti ile ile inayotumika kutangaza michango. Kesi nyingi za ubakaji hufa kimyakimya hivi: fedha zinatolewa, shahidi anahamishwa kwenda kwa shangazi mkoa mwingine, na jalada linafungwa kwa kukosa mashahidi.

Kingine kinachosahaulika ni fidia. Mahakama inayomtia mtu hatiani inaweza kuamuru amlipe aliyeumia. Tunza risiti za dawa, za vipimo na za nauli, umkabidhi mwendesha mashtaka kabla ya hukumu.

Njia ya pili ni ya madai, na ndiyo inayowachanganya wengi kuliko jinai. Mwanamke anayetaka kuondoka kwenye ndoa ya kipigo hawezi, kwa kawaida, kufungua shauri la talaka moja kwa moja. Anapita kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, liwe la kata au la taasisi ya dini. Likishindwa kupatanisha linatoa hati, Fomu Namba 3, na shauri lifunguliwe ndani ya miezi 6 tangu hati itolewe. Mashauri yanatupwa kila siku kwa sababu mtu alikuja na barua ya kawaida ya mwenyekiti badala ya fomu hiyo, au fomu haisemi kwamba usuluhishi umeshindikana, au miezi imepita. Baraza halina mamlaka ya kuvunja ndoa wala kugawa mali. Likikugawia vyombo na kusema "mmeachana", hukuachana kisheria. Mume asipofika baada ya kuitwa, baraza liandike hivyo na litoe hati. Na kama mazingira ni ya hatari kiasi kwamba kukaa naye meza moja hakuwezekani, Sheria ya Ndoa inaruhusu mahakama kusikiliza bila kupita baraza. Sababu hizo zielezwe ndani ya maombi yenyewe na ziambatane na PF3 na RB. Hapo ndipo karatasi za jinai zinapomsaidia mtu upande wa madai, na ndiyo sababu tunasisitiza nakala.

Ndoa ambayo haijatimiza miaka 2 haivunjwi bila ruhusa maalumu ya mahakama, lakini kutengana kisheria kunaweza kuombwa. Na shauri likiwa mahakamani, kifungu cha 140 cha sheria hiyo kinampa hakimu uwezo wa kuamuru mwenza asimlazimishe mwenzake kuishi naye wala kumsumbua. Ni amri ambayo karibu hakuna anayeiomba, kwa sababu hakuna aliyeambiwa ipo. Mwombe karani wa mahakama au msaidizi wa kisheria akusaidie kuiandika pamoja na shauri lako. Hata Mahakama ya Mwanzo husikiliza mashauri ya ndoa.

Wengi hubaki kwenye kipigo kwa kuogopa kutoka mikono mitupu. Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Nyumba ya familia haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, na maslahi hayo yanaweza kulindwa kwa kuwekewa zuio ofisi ya ardhi. Walioishi pamoja miaka 2 au zaidi na kutambulika mtaani kama mke na mume, mahakama inaweza kuwachukulia kuwa wana ndoa kwa madhumuni ya matunzo na mali. Anayejiandaa kuondoka akusanye mapema nakala za cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, hati au mkataba wa kiwanja, kitambulisho na picha za nyumba, aziweke kwa mtu anayemwamini nje ya nyumba. Muda baada ya mwanamke kusema anaondoka ndio wenye hatari kubwa kuliko mwingine wote, kwa hiyo mipango isitangazwe.

Hatutaki kudanganya kwamba sheria zetu zimekamilika. Mke anayeishi na mumewe hana ulinzi wa kifungu cha ubakaji; kinamlinda aliyetengana naye tu. Tanzania Bara haina sheria moja mahususi ya ukatili wa majumbani, wakati Uganda ilitunga ya kwake mwaka 2010 na Kenya mwaka 2015. Huko mwanamke anaweza kuomba amri ya ulinzi bila kufungua talaka. Kwetu amri ya kifungu cha 140 inasubiri shauri la ndoa, na mwenye mchumba anayempiga haimfikii kabisa. Wabunge waulizwe hilo. Lakini hata sheria mpya ikipita kesho, itamkuta yule yule mama akiwa hajui RB ni nini.

Ndiyo maana ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo na la kudumu. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia wasio na uwezo bila malipo. Chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake, WLAC, na wengine wana watu wa kuandika. Kila wiki tenga robo ukurasa, mahali pale pale, kwa hatua moja tu: wiki hii PF3, wiki ijayo maelezo ya polisi, nyingine Fomu Namba 3. Ichapwe kwa herufi kubwa, ikatike kwa mkasi, ibandikwe kwenye mlango wa zahanati, saluni, mashine ya kusaga na kijiwe cha bodaboda. Dereva wa bodaboda ndiye mara nyingi anayembeba majeruhi saa nane usiku. Akijua kwamba safari inaanzia hospitali, na kwamba nguo zisifuliwe, amefanya kazi ambayo wakili hawezi kuifanya asubuhi yake.

Wasaidizi wa kisheria, ngazi ya kata